Dada ana ER chanya na HER2 2+: tuuze shamba tulipie kipimo cha jeni?

Swali: Shikamoo daktari. Dada yangu mkubwa ana miaka 47 na bado anapata hedhi. Wiki tano zilizopita aliondolewa titi la kushoto katika hospitali ya rufaa. Majibu ya patholojia yanasema: uvimbe wa sentimita 2.8, gredi ya 2, tezi 1 kati ya 13 za kwapani ina saratani, ER chanya asilimia 90, PR chanya asilimia 15, HER2 2+, Ki-67 asilimia 20. Daktari ametuambia aanze kemo, kisha mionzi, halafu vidonge vya homoni. Binamu yetu aliyeko Toronto anasema kwao hawakimbilii kumpa mtu kemo kabla ya kupima jeni 21 za uvimbe, na kwamba dada akipata alama ndogo hahitaji kemo kabisa. Dada ameshikilia hapo. Kemo anaiogopa mno, kuna jirani yetu aliianza akazidiwa, akaiacha njiani. Tumeambiwa kipimo ni maelfu ya dola na kipande kinapelekwa Marekani. Tuna shamba la minazi la marehemu baba, tunaweza kuliuza. Je, tuliuze? Na hiki ndicho kile kipimo cha jeni za kurithi? Shangazi yetu, dada wa baba, alifariki kwa saratani ya titi, nasi wadogo zake watatu wa kike tuna wasiwasi. Mimi nina miaka 39.

Jibu: Marahaba. Poleni sana, na dada mpe pole zangu. Umenakili majibu yake kwa ukamilifu kuliko rufaa nyingi zinazofika mezani kwangu, na umenirahisishia kazi, kwa sababu jibu limo humo humo kwenye namba. ER na PR ni vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, HER2 ni protini inayoisukuma seli ikue, na Ki-67 huonyesha ni seli ngapi zinagawanyika.

Naona umefunga maswali matatu kwa kamba moja: kama hospitali imemnyima dada kipimo ambacho kingemwepusha na kemo, kama inafaa kuuza shamba ili kukilipia, na kama kingewaambia lolote ninyi wadogo zake. La shamba halisubiri, kwa hiyo nalianza: msiliuze kwa ajili ya kipimo hiki. Kwa hali ya dada ilivyo kwenye karatasi, majibu yake yoyote yale yangemrudisha kwenye ushauri ule ule aliopewa. Kuna kipimo kingine, cha gharama ndogo kuliko hicho, ambacho hajafanyiwa bado, na hicho ndicho cha kukimbilia. Sasa nieleze kwa nini, ili mkimweleza dada asione kuwa tunamzungusha.

Vipimo viwili tofauti kabisa vinaitwa "kipimo cha jeni". Kimoja huangalia jeni ulizozaliwa nazo: hutolewa damu au mate, hutazamwa BRCA1, BRCA2 na nyingine za aina hiyo, ambazo zikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya titi, na majibu yake yanagusa ukoo mzima. Kingine huangalia uvimbe wenyewe, yaani ndani ya kipande kilichotolewa titini ni jeni zipi zinafanya kazi kwa bidii na zipi zimelala. Binamu anazungumzia hiki cha pili. Hakiwezi kukuambia chochote kuhusu wewe, wala binti zako.

Kila seli ya mwili ina jeni karibu 20,000, na ni zile zile kwenye ini, kwenye ngozi na kwenye titi. Tofauti inatokana na zipi kati ya hizo zinatumika. Jeni inapotumika, seli hunakili maelekezo yake kwenye uzi mfupi wa RNA, na kwa maelekezo hayo hutengenezwa protini. Ukitaka kujua fundi seremala anatengeneza nini wiki hii, zana zilizotundikwa ukutani hazitakuambia, kwa kuwa kila karakana inazo. Angalia oda zilizobandikwa mlangoni. RNA ndizo oda. Ukihesabu RNA za kipokezi cha estrojeni, za HER2, na za jeni zinazoisukuma seli igawanyike, unaanza kuuona uvimbe kwa tabia zake, si kwa umbo tu chini ya hadubini.

Wazo hili lilishika kasi mwaka 2000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Charles Perou akiwa mwandishi wa kwanza, pamoja na wenzao wa Norway, walipima jeni zaidi ya 8,000 katika vipande 65 vilivyotoka kwa watu 42. Kuna jambo moja katika kazi ile ambalo mpaka leo napenda kuwasimulia wanafunzi. Wagonjwa 20 walichukuliwa kipande mara mbili, kabla ya kemo ya doksorubisini na baada yake, kwa kupishana wiki kama 16. Dawa ile ni kali, na mtu angetegemea ivuruge kila kitu. Lakini kompyuta ilipopanga vipande kwa kufanana, viwili vya mtu mmoja karibu kila mara vilifanana vyenyewe kwa vyenyewe kuliko vilivyofanana na cha mtu mwingine. Yaani uvimbe una haiba yake na haipotei kirahisi.

Kutokana na kazi hiyo, na nyingine iliyofuata mwaka 2001, ndipo yalipotoka makundi tunayoyataja kila siku. Luminali A ina vipokezi vingi vya homoni, hukua polepole na husikia vidonge vya homoni vizuri. Luminali B nayo ina vipokezi, ila inagawanyika kwa kasi zaidi na hurudi mara nyingi zaidi. Kundi la HER2 linasukumwa na jeni hiyo iliyojinakili kupita kiasi. Basali kwa sehemu kubwa ndiyo ile ambayo hospitalini inaitwa hasi tatu: haina ER, haina PR, haina HER2. Palikuwa na kundi la tano lililofanana na titi la kawaida, na wengi wetu sasa tunaamini kuwa kwa sehemu kubwa lilitokana na vipande vyenye nyama nyingi nzima na saratani kidogo. Mwaka 2009 orodha ndefu ya jeni ilifupishwa ikabaki 50, na kipimo hicho kinaitwa PAM50.

Dada hajapimwa jeni hata moja kwa njia hiyo, lakini karatasi yake tayari ina makadirio ya kundi lake. ER, PR, HER2 na Ki-67 ni protini, bidhaa iliyotengenezwa baada ya oda. Sisi wa patholojia tunazitafuta kwa rangi maalumu kwenye kioo, tunahesabu seli zilizoshika rangi, tunaandika asilimia. Kwa njia hiyo, ambayo hospitali nyingi za rufaa zinaimudu, ER ya asilimia 90 inamweka dada kwenye luminali bila ubishi. A au B? PR yake iko chini ya asilimia 20, mpaka ambao wengi wanautumia, kwa hiyo anaelekea B. Ki-67 yake haisaidii sana. Namba hiyo ina matatizo: kioo kile kile, wataalamu wawili, mmoja atahesabu asilimia 14 na mwingine 24, na wote hawajakosea. Kikundi cha kimataifa kinachoshughulikia Ki-67 kilisema mwaka 2021 kwamba inaaminika ikiwa ni asilimia 5 au chini, au 30 na kuendelea. Ishirini ipo katikati kabisa ya ukungu. Makadirio haya ya rangi na majibu ya jeni hayalingani kila mara, nakubali, na hapo ndipo vipimo vya jeni vilipopata soko.

Kabla sijavifikia, nikae kidogo maabara, maana humu ndimo majibu mengi yanamoharibikia. Titi likitoka chumba cha upasuaji linatakiwa liwe ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, katika saa moja. Formalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama, na titi lipasuliwe ili dawa ipenye, kwa sababu formalini huingia kama milimita moja kwa saa. Likae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Ninachopokea mara nyingi ni ndoo ndogo, titi zima limekunjwa likashindiliwa, formalini imefika nusu. Sehemu iliyozama imekuwa ngumu na ya kijivu, sawa. Nikipasua katikati nakuta wekundu na ulaini, na harufu ya nyama iliyoanza kuharibika, na huko katikati ndiko uvimbe uliko. Uvimbe huo ukikataa rangi ya ER, siwezi kuapa kwamba hauna kipokezi. Inawezekana kilikuwepo kikaozea njiani.

Nimelisema hili kwa sababu kuna kauli inayozunguka mitaani, hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya, kwamba saratani ya titi ya Mwafrika "haisikii homoni". Si kweli. Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliona kwamba ER chanya zilikuwa nyingi zaidi pale vipande vilipochukuliwa na kupimwa kwa mpangilio, na chache zaidi pale vilipotolewa kwenye makabati ya zamani. Pia Afrika si moja: watafiti waliolinganisha Ghana na Ethiopia walikuta hasi tatu ni nyingi sana Ghana na chache zaidi Ethiopia. Kwa dada, ER ya asilimia 90 ni habari njema mara mbili: uvimbe wake unategemea homoni, na nyama yake haikuharibika sana.

Sasa vipimo vyenyewe. Cha jeni 21 anachokisema binamu kinaitwa Oncotype DX. Jeni 16 ni za saratani, 5 ni za kulinganishia, na majibu ni alama kati ya 0 na 100. Kuna MammaPrint ya jeni 70, iliyoanzia Amsterdam, na Prosigna iliyojengwa juu ya PAM50. Vyote ni vipimo vizuri, sina ugomvi navyo. Ila havikuundwa kutabiri kila kitu kuhusu kila saratani ya titi. Nchi zenye uwezo zinavitumia zaidi kwa swali moja: mwanamke mwenye ER chanya na HER2 hasi, ugonjwa ukiwa bado wa mapema, je, kumwongezea kemo juu ya dawa za homoni kutamsaidia?

Katika swali hilo vimefanya kazi kubwa. Utafiti wa TAILORx uliandikisha wanawake 10,273 ambao tezi zao za kwapani zilikuwa safi. Majibu yalitoka mwaka 2018: waliovuka miaka 50 wakiwa na alama ya 25 au chini hawakupata faida kwenye kemo, na tangu hapo maelfu ya wanawake wameepushwa nayo. Kwa wenye miaka 50 au chini, waliopata alama kuanzia 16 hadi 25 walionekana kupata faida kiasi. Binamu yenu hajadanganya. Anazungumza kuhusu wanawake hao.

Dada yenu si mmoja wao, kwa sababu tezi moja ya kwapani imeguswa na hedhi bado anaipata. Wanawake wenye tezi 1 hadi 3 walikuwa na utafiti wao, RxPONDER, uliochapishwa mwaka 2021. Ulishirikisha wanawake 5,018 wenye alama ya 25 au chini, nusu wakapewa kemo na homoni, nusu homoni pekee. Waliokoma hedhi: hakuna tofauti. Wanaopata hedhi: baada ya miaka mitano, asilimia 93.9 ya waliopata kemo walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na 89.0 ya waliokunywa dawa za homoni peke yake. Faida ilionekana hata kwa wenye alama za chini kabisa. Fuatisha sasa na dada. Mkiuza shamba, kipande kikaenda California, alama ikarudi 9, daktari atasema: kwa umri wako na tezi yako, kemo inasaidia. Ikirudi 31, atasema: kemo. Kipimo ambacho majibu yake yote mawili yanaishia mlango mmoja hakistahili minazi ya baba.

Nisifiche mjadala uliopo. Wataalamu wengi wanahisi kwamba kwa wanawake wanaopata hedhi, sehemu ya faida ya kemo inatokana na kuzimisha ovari, si kuua seli za saratani moja kwa moja. Kama ndivyo, huenda sindano za kuzimisha ovari, kama goserelini kila baada ya siku 28, pamoja na kidonge cha homoni, zingeleta sehemu ya faida hiyo hiyo. Utafiti wa kulijibu hilo unaendelea. Dada anaweza kumuuliza daktari wake, na sindano hizo huenda zikamfaa hata baada ya kemo. Ila leo, mwenye hali yake, namshauri kemo.

Halafu kuna HER2 2+. Hili ndilo lililonisumbua nilipousoma ujumbe wako. Rangi ya HER2 hupewa 0, 1+, 2+ au 3+. Sifuri na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya, na 2+ maana yake maabara imesema "sijui". Si chanya kidogo, kama wengi wanavyodhani. Inatakiwa kuhesabiwa nakala za jeni ya HER2 zilizomo ndani ya seli, kwa kipimo ambacho hospitalini mtasikia kikiitwa FISH. Walio na 2+ wengi hutoka hasi, ila baadhi hutoka chanya, na kwa hao mpango mzima unabadilika: wanahitaji trastuzumabu, inayojulikana zaidi kwa jina la Herceptin, pamoja na kemo, kisha kuiendeleza mpaka utimie mwaka. Tafiti zilizotoka mwaka 2005 zilionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Tangu 2015 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na sasa zipo za makampuni mengine za bei nafuu zaidi. Na kile kipimo cha jeni 21 hakikukusudiwa mwenye HER2 chanya. Kwa hiyo hata mngekuwa na fedha za kumwaga, FISH ingetangulia.

FISH haihitaji dada asafiri. Maabara kubwa kadhaa za Afrika Mashariki zinaifanya. Kinachosafiri ni bloku, kile kipande cha nyama kilichofungwa kwenye nta. Nendeni maabara mlikopata majibu mkaombe bloku kwa maandishi, na mwandike namba yake pembeni ya karatasi ya majibu. Kama kabla ya upasuaji alitolewa kinyama kwa sindano nene, ombeni na bloku hiyo pia. Kile kipande chembamba kiliiva vizuri kwenye formalini kuliko titi zima, mara nyingi ndicho ninachokiamini zaidi, na PR na HER2 zinaweza kurudiwa humo. Ulizeni bima kabla hamjalipa mfukoni.

Msikae kusubiri FISH huku kemo imesimama bila mpango. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia wanawake zaidi ya 24,000, uliona kwamba walioanza kemo siku 91 au zaidi baada ya upasuaji walikuwa na matokeo mabaya zaidi. Dada ametimiza wiki tano. Ana nafasi, lakini si ya kusubiri mnunuzi wa shamba, hati, benki, kipande kupanda ndege na majibu kurudi. Trastuzumabu inaweza kuongezwa kemo ikiwa imeshaanza, kwa hiyo daktari anaweza kupanga vyote viende sambamba. Kabla ya dawa hiyo atapimwa moyo kwa ekografia, maana wachache huwadhoofisha moyo.

Hali ambayo ingenifanya nibadili ushauri ni hii: FISH itoke hasi, na dada awe na sababu nzito ya kutotumia kemo, kwa mfano moyo mbovu, au akatae katakata baada ya kuelezwa yote. Hapo alama ingeweza kumsaidia apime anachokiacha: 5 na 40 si hatari sawa. Hata hivyo ningependa mlijue hili: mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi wa Marekani ulioonyesha kwamba alama ya jeni 21 haikubashiri vizuri kwa wanawake weusi kama inavyobashiri kwa weupe. Hiyo haiwi sababu ya kukitupa kipimo. Ni sababu ya kutokiabudu. Tena RNA huharibika upesi kuliko protini, na bloku iliyofungwa vibaya inaweza kufika huko ikarudishwa bila majibu.

Kama ni jeni, huku kwetu natazama mahali pengine kabisa. Mashine ya GeneXpert, ile mnayoijua kwa kifua kikuu, ipo hadi kwenye hospitali za wilaya, na imetengenezewa katriji ya kupima RNA nne za saratani ya titi: ya ER, ya PR, ya HER2 na ya Ki-67. Bado si huduma ya kawaida kwenye hospitali zetu nyingi, na haigawi makundi kama PAM50. Lakini mtu wa Tanga au Kigoma anayesubiri ER kwa miezi angefaidika nayo kuliko na kipimo chochote cha kupeleka California.

Turudi kwa dada na hofu yake, kwa maana nadhani kipimo cha Toronto kimekuwa mlango wa kutokea. Msimwambie "usiogope". Mwulizeni anaogopa nini hasa: kutapika, nywele, kufa, au kuonekana mgonjwa? Kila kimoja kina jibu lake. Kutapika siku hizi kunazuiwa kwa dawa zinazotolewa kabla ya dripu, na zikishindwa zinabadilishwa, asivumilie kimya. Nywele hutoka na kwa kawaida huota tena. Hedhi inaweza kukatika, pengine moja kwa moja kwa umri wake, na hilo aelezwe wazi kabla, asije akalishtukia. Kuhusu jirani, hamjui alipewa dawa gani, ugonjwa ulikuwa hatua ya ngapi, na alizidiwa na dawa au na saratani. Mpelekeni dada akakutane na mwanamke aliyemaliza kemo. Kliniki nyingi za saratani zina vikundi vya manusura, na mazungumzo ya nusu saa na mmoja wao yanafanya kazi ambayo mimi na koti langu jeupe hatuiwezi.

Akishaanza, jambo moja halisubiri kesho wala zamu ya asubuhi: homa ya nyuzi 38 au zaidi. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na maambukizi madogo yanaweza kumuua kwa saa chache. Nunueni kipimajoto, kikae nyumbani, na homa ikipanda aende hospitali usiku huo huo akiwa na kadi inayoonyesha dawa anazopewa. Asipewe tu panado alale. Kuhema kwa shida, mguu mmoja kuvimba, au kutapika kiasi cha kushindwa kunywa maji, ni safari hiyo hiyo. Na kwa kikao kijacho, mimi nimesoma namba tu, sijamwona wala kumgusa. Daktari wake amemwona. Nendeni wawili, mwulizeni matatu: FISH inafanywa lini na wapi, kemo ya kwanza ni tarehe gani, na ovari zitazimishwa au la.

La mwisho uliloliuliza, la ukoo. Hapa ndipo kipimo cha jeni za kurithi kina maana, na anayeanza kupimwa ni dada, si wewe. Yeye ndiye aliyeugua. Akikutwa na badiliko la BRCA, ninyi watatu mnaweza kupimwa badiliko hilo hilo moja, kwa urahisi zaidi. Asipokutwa nalo, wasiwasi wenu unapungua ingawa haufutiki. Miongozo ya Marekani inashauri kupima mwanamke yeyote aliyegunduliwa akiwa na miaka 65 au chini, na dada ana 47. Shangazi wa upande wa baba anahesabika sawasawa na wa upande wa mama. Wengi hudhani baba hapitishi, na wanakosea. Takribani saratani 5 hadi 10 kati ya 100 za titi ndizo za kurithi, kwa hiyo uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba hamna kitu. Ulizeni kama hospitali yenu ina ushauri nasaha wa jeni au inashirikiana na inayoutoa. Kama fedha za shamba zingekuwa lazima zitumike kwenye jeni, hapa ningeelewa, ingawa hata hapa kuna maabara zisizotoza maelfu.

Wewe na wadogo zako msisubiri majibu hayo. Una miaka 39 na dada yako ameugua akiwa na 47: nenda mwezi huu ukapimwe matiti kwa mkono na mtaalamu, na umwambie habari ya dada na shangazi, yeye ndiye atakayeamua kama mamografia au ultrasaundi inaanza sasa. Ukikuta uvimbe, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, usisubiri miadi.